SOMO: Kujiwekea malengo ya uongozi bila kujisaliti (someni kwanza ndo mnitumie meseji)

Mwangaluka wakuu. Naandika hili mara moja ili kila anayechaguliwa kuongoza kikundi akija inboksi na "dada naomba unipe malengo" nimtumie linki niendelee kuanika dagaa zangu. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha akina mama wauza dagaa huku Igombe, Mwanza, huu ni mwaka wa nne. Sijasomea uongozi, yaliyomo humu nimejifunza kwa kuumia.

1. Andika vitu vilivyowahi kukuuma ukiwa mwanachama wa kawaida. Usianze na "uaminifu, uwazi, uwajibikaji", hayo ni ya kwenye tisheti. Kumbuka siku ulirudi nyumbani kutoka kikao umenuna. Mimi yangu ilikuwa mweka hazina wa kikundi nilichokuwa zamani, alinisomea deni langu kwa sauti mbele ya mkwe wangu. Hapo ndo nikajua ninachokithamini ni mtu asiaibishwe kwa sababu ya hela.

2. Chagua mawili, yakizidi sana matatu.

3. Lengo liwe na namba na tarehe. Hili mnalijua.

4. Pembeni ya kila lengo andika kitu ambacho HUTAFANYA ili ulifikie. Hapa tulieni, hapa ndo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka lengo moja tu: marejesho yote yaingie, asilimia 100, kabla ya siku ya kuvunja kikoba na kugawana hela. Likapigiwa makofi. Ikaja masika, mwanachama mmoja alikuwa amekopa laki mbili, mzigo wake kauanika mchangani mvua ikapiga siku tatu mfululizo, dagaa zikaoza, alichookoa kikaenda kwa bei ya chakula cha kuku. Hajakaa sawa mbalamwezi ikaingia, na mnajua mbalamwezi taa hazivuti dagaa kwa hiyo mitumbwi imepaki, hakuna mzigo, hakuna hela. Mimi kichwani nina asilimia 100 tu. Nikachukua wenzangu wanne tukaenda kwake saa kumi na mbili asubuhi tukabeba masufuria na godoro. Watoto wake wanaangalia. Kwenye daftari nikaandika imelipwa, na lengo nikalifikia, na ndo ilikuwa siku nimemfanyia mtu kitu kilekile kilichonitoa mimi kwenye kikundi cha kwanza, tena mimi nilisomewa deni tu, sikubebewa godoro. Yule mama alikwenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kukomboa vyombo. Mpaka leo tukikutana sokoni mimi ndo nachepuka.

Lengo lenyewe halikuwa baya, deni lazima lirudi ni hela za watu. Shida ni kwamba niliandika nifike wapi, sikuandika njia gani sipiti. Sasa hivi lengo letu linasomeka hivi: mkopo urudi ndani ya giza mbili (giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa zinapovuliwa; tunahesabu kwa hizo, siyo kwa tarehe za benki), na hakuna chombo cha ndani cha mtu kitakachobebwa. Aliyekwama anakuja kusema kabla ya kikao, faragha, tunampangia upya, na wadhamini wake wawili wanabeba nao.

Tahadhari: usiandike kitu ambacho usingefanya hata ungelipwa. "Sitaiba" siyo kitu, nani aliandika ataiba. Andika kile ambacho siku mbaya utashawishika kabisa kukifanya na watu watakusifia.

Tahadhari ya pili: uandike KABLA ya msimu mbaya. Ukiwa umeshabanwa utajitungia sababu.

5. Msomee mtu asiyekuogopa. Mimi namsomea dada yangu, anacheka kwanza.

6. Pitia kila giza likiisha. Basi.

---

MASWALI

Mtoto wa Buzuruga: Somo refu mno, weka malengo matano nikopi, kesho tunachaguana.

Mwandishi: Hakuna.

Mtoto wa Buzuruga: Sasa somo la nini

Mwandishi: Hatua ya 1. Mistari michache tu.

Bosi Kirumba: Kwa hiyo mtu akikopa asirudishe tu kwa kuwa tunaogopa aibu? Vikundi vinakufa kwa huruma hizi.

Mwandishi: Umesoma mpaka wadhamini au umeishia kwenye godoro? Sijaandika popote asirudishe. Na kwa taarifa yako mwaka jana tumevunja hakuna anayedaiwa hata shilingi.

Mzee wa Kamanga: Mwanangu hiyo ya nne siyo mpya. Azimio la Arusha, 1967, lile sharti la viongozi liliandikwa hivyohivyo. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Yote ni asi, asi, asi. Mwalimu hakuishia kusema kiongozi awe mwadilifu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Aisee hili sikuwahi kulitazama hivyo, nilikariri tu shuleni. Yaani alijua wapi watashawishika. Yalikaa mpaka lini?

Mzee wa Kamanga: Marahaba. Yakalegezwa Zanzibar 1991. Wenye nyumba walifurahi.

Chipukizi wa mwalo: Shikamoo mama. Mimi nimechaguliwa kwenye BMU, kamati ya kulinda uvuvi ya mwalo wetu, nina miaka 26. Lengo letu ni kumaliza makokoro (nyavu haramu za kukokota) na sangara wa chini ya sentimita 50 wasishushwe hapa. Mimi naliamini kabisa. Ila mjomba wangu anavuta kokoro, na ndiye alinilipia ada mpaka form four. Hapo namba nne naandikaje?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Swali zuri hili, kaa nikujibu vizuri. Wewe una vitu viwili vya kweli, ziwa na mjomba, na usijidanganye kwamba kimoja ni cha uongo. Kitu utakachoshawishika kufanya siyo kuvua kokoro, ni kumpigia simu usiku kabla ya doria. Basi andika hicho: sitampigia mtu yeyote simu kabla ya doria. Halafu nenda kamwambie sasa hivi, kabla doria yoyote haijapangwa, uso kwa uso, na uende na kitu mkononi, sukari hata kilo mbili. Mwambie lini kokoro litakuwa shida na kwamba wewe hutaweza kumsaidia. Na wenzako wa kamati waambie yule ni mjomba, likija suala lake wewe unakaa pembeni. Ada alilipa, lipa kwa njia nyingine, mchangie nyavu halali.

Chipukizi wa mwalo: Wabeja sana mama.

Mama Sengerema: Dada mimi nimeng'ang'ania kwenye dagaa za mvua. Nyie mnaanikia wapi?

Mwandishi: Chanja. Miti na nyavu kuukuu, juu usawa wa kiuno, hewa inapita chini. Turubai iwe imekunjwa pembeni, ukiona Ukerewe kumefunga wingu jeusi usimalize chai. Mchangani sasa hivi hatuanikii, na za chanja hazina mchanga kwa hiyo bei ni nyingine.

Bosi Kirumba: Nyavu kuukuu mnapata bei gani? (na nimerudi kusoma, hiyo ya wadhamini sikuiona)

Mwandishi: Ongea na wavuvi wenyewe giza likiisha, wanabadilisha. Tumeyamaliza.

Chipukizi wa mwalo: Mama nimekwenda kwa mjomba jana. Amenisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akaniuliza doria ni lini.

Mwandishi: Hahahaha. Ukasemaje?

Chipukizi wa mwalo: Nikamwambia ndo hilohilo nililokuja kusema sitalisema. Akanuna.

Mwandishi: Umekula lakini?

Chipukizi wa mwalo: Nimekula. Sato na ugali wa udaga.