Kabla ya mipira, tafuta walezi: jinsi ya kuanzisha timu ya vijana mtaani

Mtaa ukiamua kuwaokoa vijana wake na unga (dawa za kulevya) au magenge ya mapanga, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni mipira na jezi. Mpira ni muhimu, lakini kazi yake ni kumleta kijana uwanjani siku ya kwanza. Ikifika mwezi wa sita tangu kuanza, timu imeshafungwa mara tatu mfululizo na maskani kuna wanaomwita, kinachomrudisha ni mtu mzima aliyegundua kwamba jana hakuonekana. Hatua hizi nimezipanga kwa mtaa wa kawaida wa Mombasa, wa aina ya Kisauni au Likoni, na zote zinaanzia kwa mtu mzima huyo, yaani mlezi.

Hatua ya 1: Pata walezi

Si lazima wawe wasomi. Dereva wa tuktuk, fundi cherehani, mama anayeuza viazi karai, mwalimu mstaafu: wote wanafaa, mradi wanaishi karibu na neno lao ni neno. Mlezi mmoja apewe vijana watano, wasizidi, na aahidi mwaka mzima.

Huo mwaka usiulegeze. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi wao juu ya mpango mkubwa wa ulezi wa Marekani, Big Brothers Big Sisters. Vijana waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika sana. Walioachwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walishuka hata katika kujithamini. Kijana aliyekwisha kuachwa na baba, kisha akaachwa na wewe, umemthibitishia alichokuwa akikihofia. Kwa hiyo mtu akikwambia "nitakuja nikipata nafasi", mshukuru kwa dhati umpe kazi nyingine: kuchora mistari ya uwanja, kushika filimbi, kuleta maji.

Kila mlezi alete cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya polisi ya upelelezi wa jinai), kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pamoja na watu wawili wa mtaani wa kumsemea. Kisha msomeeni masharti mbele ya wazazi: hakai na mtoto peke yao chumbani, hamchukui kwake, na ujumbe wa usiku hupitia kwa mzazi. Ibandikeni ukutani namba 116, simu ya bure ya kuripoti mateso ya watoto. Anayekasirishwa na masharti haya hafai, hata kama ni kocha hodari.

Hatua ya 2: Wazazi, chifu na usajili

Zungukeni nyumba kwa nyumba mpate ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kisha mwoneni mzee wa mtaa na chifu. Kikundi kisajiliwe kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Usajili ndio utakaowafungulia akaunti ya benki na kuwapa uso wa kuomba darasa la shule kwa saa ya masomo.

Hatua ya 3: Changanya timu

Hapa ndipo programu nyingi huharibika kwa nia njema. Watu huwakusanya "walioshindikana" wote, wakawapa kocha mkali. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwaweka vijana wenye matatizo kundi la peke yao kunaweza kuwazidishia uvutaji sigara na ukorofi, kwa sababu anayesimulia uhuni wake huchekewa na kusifiwa na wenzake.

Katika timu ya watu 15, wachukue wanne au watano ambao mwalimu au mzee wa mtaa amewataja. Waliobaki wawe watoto wa mtaani tu wanaopenda mpira. Msiwatangaze ni akina nani, na kwenye bango pasiandikwe "vijana walioharibika" wala lolote la kufanana na hilo. Mtoto husoma jina alilopewa.

Hatua ya 4: Ratiba, masomo kwanza

Mwulizeni maalim wa madrasa ratiba yake kabla ya kupanga yenu, msije mkashindana naye. Siku za mazoezi, saa moja ya masomo hutangulia mpira, na filimbi ya mwisho ilie saa kumi na mbili kasorobo ili kila mtu afike nyumbani kabla ya magharibi.

Saa hiyo ya masomo isiwe darasa la pili. Wakae vikundi vya watano na mlezi wao, kila mmoja na kazi yake ya shule. Aliye kidato cha tatu amwelekeze wa Grade 7. Asiyejua kusoma vizuri apewe nafasi pembeni, na mtu mmoja mpole wa kusoma naye kwa sauti ya chini. Akiaibishwa hapo, kesho haji, na mpira pia hautamrudisha.

Wasichana wana kikwazo chao: maji, ndoo, wadogo wa kulea. Nendeni mkazungumze na mama kuhusu saa, siyo kuhusu haki tu. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limewafanya wasichana wenyewe kuwa makocha, waamuzi na waendeshaji wa ligi. Igeni hilo tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Pointi za nje ya uwanja

MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, kiliingiza usafi wa mtaa kwenye jedwali la ligi: timu iliyosafisha mitaro hupata pointi. Vijana wanaojitolea, kufundisha wadogo au kuchezesha mechi hushindania tuzo ya karo, na fedha hulipwa shuleni moja kwa moja. Ushindi haukuathirika, Mathare United, iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Hatua ya 6: Namna ya kuzungumza

Usimkalishe kijana mbele yako kama yuko kwa kadhi. Zungumzeni mkitembea, au mkikunja nyavu, macho yakiwa kwenye kazi. Badala ya "Kwa nini hukuja?", mwambie: "Mwanangu, Jumanne beki ya kushoto ilikuwa tupu. Nyumbani kwema?" Kisha nyamaza. Mara nyingi atajibu "kwema" tu, na yatosha. Akija na jambo zito, kipigo, unga au tishio la genge, usiahidi siri. Mwambie mapema ni nani utamshirikisha.

Hatua ya 7: Likizo ndefu na kuagana

Shule zikifungwa mwisho wa muhula wa tatu, msifunge nanyi. Kuanzia hapo hadi Januari ndipo maskani hujaa. Ongezeni siku za mazoezi. Anayemaliza kidato cha nne apewe mlezi wa kumsindikiza hadi ofisi ya basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) au chuo cha ufundi, asitumwe peke yake na karatasi mkononi.

Mlezi akilazimika kuondoka, atoe taarifa mwezi mmoja kabla, amwambie kijana yeye mwenyewe, na wiki mbili za mwisho waje uwanjani pamoja na anayempokea.