Baridi Haizuii Jua: Namna ya Kuikinga Ngozi Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya, Njombe au Mufindi hutoka nyumbani alfajiri akiwa amevaa koti na sweta, kisha ifikapo saa nne, jua linapochangamka, hulivua koti na kubaki na fulana ya mikono mifupi hadi jioni. Kwa habari ya baridi utaratibu huo hauna kasoro, lakini kwa ngozi umekaa kinyume, kwa sababu nguo inavuliwa saa ileile ambayo mionzi ya urujuanimno, yaani ile inayounguza na kuzeesha ngozi, inaanza kuwa mikali. Mionzi hiyo haionekani wala haihisiki kama joto, na wingu jepesi huipitisha kwa sehemu kubwa. Tena huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 mtu anazopanda, maana hewa ya kuichuja inapungua. Jiji la Mbeya lipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafikia mita 2,600. Mchimba viazi wa huko anayetetemeka anaweza kuwa anapigwa na mionzi mikali kuliko mvuvi wa Kyela anayetokwa jasho.

Kwa hiyo usipime jua kwa joto. Lipime kwa kivuli chako. Simama mahali tambarare, na ukiona kivuli ni kifupi kuliko urefu wako, ujue kwamba huo ni wakati wa kujikinga. Kwa miezi mingi hali hiyo huanza karibu saa nne asubuhi na kuendelea hadi karibu saa tisa na nusu alasiri. Hata mwezi Juni, ambapo watu huota moto jikoni, kivuli cha mchana jijini Mbeya hakifiki theluthi mbili za urefu wa mtu. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba huku kwetu jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba, kwa kuwa saa ya Tanzania inafuata longitudo iliyo mashariki yetu. Anayekula chakula cha mchana mapema na kurudi shambani saa saba anaingia katika mionzi ya kilele, hivyo ni afadhali palizi ianze kukipambazuka na mapumziko yavutwe hadi saa tisa na nusu.

Kinga kubwa ni nguo, na nguo yenyewe ichaguliwe kwa mfumo wake, yaani jinsi nyuzi zilivyofumwa, kabla ya unene. Chukua kitambaa, kinyanyue uelekeze kwenye mwanga wa dirisha, na utazame: ukiona mwanga ukipenya kati ya nyuzi, mionzi nayo itapenya. Sweta la kufuma lenye matundu, ambalo huleta joto zuri, hufeli jaribio hili, ilhali shati jembamba la khaki au la kitambaa cha dengrizi hufaulu. Fulana nyeupe ya pamba iliyochakaa kwa kufuliwa ni kinga hafifu, na ikilowa jasho au mvua hupungua zaidi. Rangi nzito hunyonya mionzi mingi kuliko rangi hafifu, na nguo pana hulinda kuliko ile inayobana, kwa kuwa nguo ikivutwa nyuzi zake huachana. Katika mitumba ya soko la Mwanjelwa jijini Mbeya huweza kupatikana mashati ya michezo au ya uvuvi yenye lebo ya herufi UPF, yaani kipimo cha kitambaa kuzuia mionzi, na namba. Namba 50 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 50 za mionzi ndiyo inayopita. Ukilipata la bei nafuu, lichukue hata kama rangi yake haikupendezi.

Baada ya kulichagua shati, livae chini ya koti tangu asubuhi. Likiwa na mikono mirefu na ukosi unaoweza kusimamishwa, koti litakapovuliwa saa nne hakuna kitakachobaki wazi isipokuwa viganja na uso. Dereva wa bodaboda aongeze glavu nyepesi, kwa sababu migongo ya mikono yake hukaa juani siku nzima ikiwa imetulia juu ya usukani.

Kofia nayo ina masharti. Kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, mahali ambapo ngozi huungua bila mwenyewe kuona. Pama yenye ukingo wa sentimita 7 au 8 kuzunguka pande zote inafaa zaidi, mradi isiwe ya ukindu uliosukwa kwa nafasi. Asiyekuwa na pama atandaze kitenge kichwani kishuke hadi mabegani, kisha avae kapelo juu yake. Mwavuli pia ni kinga nzuri na kila nyumba inao kwa ajili ya masika yetu marefu, lakini ikifika Mei hutundikwa ukutani, na wanaume wengi huona haya kuutumia juani. Haya hiyo haina faida yoyote.

Losheni ya kuzuia jua ni ya sehemu ambazo nguo haifiki. Iwe na SPF, yaani kipimo cha losheni kukinga ngozi isiungue, ya 30 au zaidi, ipakwe kwa wingi robo saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili. Mafuta ya nazi na yale ya mgando hulainisha ngozi, lakini hayawezi kuchukua nafasi yake. Miwani nayo iwe na alama ya UV400, inayoonyesha kwamba kioo huchuja mionzi ya urujuanimno, kwa sababu kioo cheusi kisichochuja hupanua mboni na kuruhusu mionzi zaidi ndani ya jicho.

Yapo mambo yanayoibomoa kinga hii. Mkorogo hupunguza melanini, ambayo ndiyo kinga ya asili ya ngozi nyeusi. Majimaji ya ndimu au limau yakibaki mikononi juani huweza kuacha malengelenge na madoa. Dawa kama doksisaiklini, ambayo huua bakteria, huifanya ngozi iungue upesi. Anayezitumia asiziache, bali aongeze kujifunika.

Kwa watu wenye ualbino haya yote ni ya lazima, tena tangu utotoni, kwa kuwa saratani ya ngozi huwapata mapema. Mtoto aketi darasani mbali na dirisha lenye jua, michezo yake iwe ya asubuhi, na sare yake iwe ya mikono mirefu hata kama ya wenzake si hivyo. Mjini Moshi hutengenezwa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, na familia iulize katika kituo cha afya namna ya kuipata. Kila mwezi mwanafamilia amkague masikio, midomo, shingo na mikono. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, au gamba gumu linalotoka damu, lisipakwe dawa ya dukani, bali apelekwe hospitali likiwa bado dogo.