Wiki za mwisho za kiangazi Mwanza: anika kwanza ndo utembee

Septemba ikishafika katikati ukikaa nje usiku unaona radi zinamulika mbali huko ziwani, hapo ujue jua la bure linaelekea mwisho. Vuli yetu kwa kawaida inashika Oktoba ila kuna mwaka inawahi, kwa hiyo hesabu una wiki tatu, nne ukibahatika. Wengi wetu tunazimalizia bichi kila wikiendi halafu mvua ya kwanza inatukuta tunahamisha godoro maana bati linavuja. Mi nishakuwa huyo mtu.

Anza na michembe, yaani viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vikaanikwa. Chukua viazi vitamu gunia moja au nusu, vikitoka shamba usivikate siku hiyo hiyo, viache siku mbili tatu vinyauke kidogo ndo umenye na ukate vipande vyembamba vinavyolingana, maana kinene kimoja kinabaki kibichi ndani na kinakuja kuozesha wenzake kwenye gunia. Tandaza juu ya jiwe. Haya mawe ya Mwanza watu wanayapigia picha tu ila jiwe likishashika moto linakausha kwa chini huku jua linakausha kwa juu, turubai haliwezi hiyo kazi. Jioni kusanya uingize ndani kwa sababu ya umande. Siku ya nne au ya tano vunja kimoja, kikilia ta! kimekauka, kikipinda bado. Ukivichemsha kwanza ndo uanike hayo sasa ni matobolwa, matamu zaidi na karanga kwa mtazamo wangu, ila mkaa unakwenda. Mwaka jana nilijifanya mjanja nikaenda mjini nimeacha vyote nje, saa kumi ikanyesha, mama mkwe akaja akaangalia akasema baba, huu sasa ni uji.

Dagaa nao ni sasa hivi, mvua zikianza wanakauka vibaya na wananuka. Nenda mwaloni Kirumba, soko la samaki pale ziwani, kipindi cha giza, maana mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na mzigo unapungua. Uliza waliokaushwa kwenye chanja, wale wa kuanikwa chini ukiwapika unatafuna mchanga. Shika kiganja kimoja uwasugue, waking'aa na kukatika kirahisi chukua, wakiwa wa njano wanalainika achana nao hata akupunguzie bei vipi.

Bati na mtaro sina maneno mengi. Panda juu asubuhi kabla halijachemka, badilisha misumari iliyolegea, zoa majani kwenye gata, osha simtanki kabla maji mapya hayajaingia. Unaekaa karibu na Mto Mirongo au chini ya mlima wewe anza na mtaro hata kabla ya viazi, usisubiri jirani aanze.

Hayo yakiisha ndo utembee. Kisiwa cha Saanane ni karibu, boti kutoka Capri Point dakika chache tu, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ni kadogo mno, unakazunguka kwa miguu unaona swala na pimbi wanaota jua kwenye mawe. Kama una ndugu Sengerema au Geita mtembelee sasa, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 ile foleni ya pantoni imebaki hadithi. Kuogelea mimi nasema kaa mbali na matete na maji yaliyotulia yenye majani, konokono wa kichocho ndo wanaishi humo, na kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana ndo wadudu wake wanatoka kwa wingi, watoto hasa wazuie. Kisiwani Ukerewe usiende kwa kurudi siku hiyo hiyo, meli ya Nansio inakula masaa, lala huko ule machungwa, na beba sweta hata kama mjini jua linawaka, ule upepo wa ziwani hauna utani.