Kutengeneza Mfumo Rahisi wa Kuingia kwa Nywila katika Python

Mfumo wa kuingia ulioundwa vizuri humtambua mtumiaji bila kuhifadhi nywila yake mahali popote, na Python inakuja na moduli zote zinazohitajika kwa kazi hiyo.

Anza kwa kuunda, kupitia moduli ya sqlite3, jedwali liitwalo watumiaji lenye safuwima tatu: jina, chumvi na alama. Safuwima ya jina ipewe sharti la UNIQUE ili hifadhidata yenyewe ikatae jina linalosajiliwa mara ya pili.

Chumvi ni baiti 16 za nasibu zinazotolewa na secrets.token_bytes(16) kwa kila anayesajiliwa. Usitumie moduli ya random hapa, kwani namba zake zinaweza kutabirika. Chumvi huchanganywa na nywila kabla ya kufumbwa, yaani kugeuzwa kuwa alama isiyoweza kurudishwa kuwa nywila, hivyo watu wawili waliochagua nywila ileile hupata alama tofauti kabisa.

```python
import hashlib, hmac

def fumba(nywila, chumvi):
    return hashlib.scrypt(nywila.encode(),
                          salt=chumvi, n=2**14, r=8, p=1)

def ingia(db, jina, nywila):
    safu = db.execute(
        "SELECT chumvi, alama FROM watumiaji WHERE jina = ?",
        (jina,)).fetchone()
    chumvi, alama = safu or (bytes(16), b"")
    return hmac.compare_digest(fumba(nywila, chumvi), alama)
```

Kiini cha mfumo ni scrypt, njia ya kufumba iliyobuniwa na Colin Percival mwaka 2009 ili kila jaribio ligharimu kumbukumbu nyingi. Kwa vipimo vya n, r na p vilivyo kwenye msimbo hutumia takribani megabaiti 16, kiasi ambacho mtumiaji halali hakihisi, lakini mwizi aliyeiba hifadhidata na kutaka kubahatisha mamilioni ya nywila hulazimika kukilipia kila mara. SHA-256, njia nyingine ya kufumba, peke yake ni ya haraka mno kwa kazi hii, ingawa masomo mengi ya wanaoanza bado yanaipendekeza.

Alama ya kuuliza katika amri ya SQL (lugha ya hifadhidata) ni ya lazima: ukiliunganisha jina moja kwa moja kwenye amri, mtu anaweza kuandika kipande cha SQL mahali pa jina na kikatekelezwa. Aidha, jina lisipopatikana, nywila hufumbwa vilevile, ili muda wa jibu usifichue majina yaliyosajiliwa. Kwa sababu hiyohiyo, ujumbe wa kosa useme tu kwamba jina au nywila si sahihi.

Kwenye terminali, pokea nywila kwa moduli ya getpass ili isionekane inapoandikwa. Kabla ya kuuweka mfumo kwenye intaneti, weka kikomo cha majaribio kwa kila jina, na mawasiliano yote yapitie HTTPS, yaani njia iliyosimbwa, kwa sababu nywila husafiri hadi kwenye seva ikiwa bado haijafumbwa.