Namna ya kusikiliza rimiksi ya "You Spin Me Round" mpaka ikushike

Usianze na rimiksi, yaani wimbo uleule uliopangwa upya na kurefushwa. Anza na singo ya kawaida ya kundi la Dead or Alive, ile iliyotoka Uingereza mwishoni mwa 1984 na kufika namba moja Machi 1985. Ni dakika 3 na ushee tu. Irudie mpaka kiitikio kikae kichwani, maana rimiksi hii raha yake ni kukusubirisha, na asiyejua kinachokuja hana cha kusubiri.

Ukiwa tayari, tafuta rimiksi yenyewe, iitwayo Murder Mix, ya karibu dakika 8. Ukiipata kwenye santuri ya inchi 12, hapo umepata kitu chenyewe: sahani ni pana, mifereji haibanani, kwa hiyo besi inatoka nzito. Spika ya simu usiiguse kabisa, itakula nusu ya wimbo. Bora hedfoni.

Mara ya kwanza achana na mwimbaji, fuata besi. Mimi huweka kiganja juu ya kasha la spika na kufumba macho. Ngoma kubwa inagonga kila pigo bila kuruka hata moja, mwendo wa karibu mapigo 130 kwa dakika, na besi ya sintesaiza inarukaruka chini-juu, chini-juu, noti ileile, mara kwa sauti ya chini, mara kwa ya juu. Hiyo ndiyo Hi-NRG, mtindo wa muziki wa dansi wa kasi. Kisigino kikianza kugonga sakafu chenyewe, songa mbele.

Mara ya pili hesabu mapigo nne-nne, usikie kipi kinaingia na kipi kinatolewa. Sauti nzito ya mwimbaji, Pete Burns, inacheleweshwa. Ikifika, mwili umeshaisubiri, na mimi hapo nywele hunisimama. Urefu huo una kazi. DJ alihitaji nafasi ya kuunganisha santuri mbili bila wachezaji kusimama, hasa kwenye klabu za mashoga kama Heaven ya London, iliyofunguliwa 1979. Huko ndiko mtindo huu ulikolelewa, kabla watayarishaji Stock, Aitken na Waterman hawajaufikisha namba moja kwa wimbo huu.

Matoleo ya wimbo huu ya 1996 na 2003 yasikilize baadaye. Kwangu hayafikii lile la kwanza. Afadhali utenge robo saa na zaidi kwa rimiksi ya Patrick Cowley ya "I Feel Love" ya Donna Summer, aliyoitengeneza San Francisco mwaka 1978. Usiruke sehemu ya katikati.