Namna ya Kuadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi kwa Familia Zetu Zilizoko Marekani

Kila Februari, vyama vya Watanzania, Wakenya na Wakongo waishio Marekani hualikwa na shule za watoto wao kushiriki Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na mara nyingi tunapeleka ngoma, vitenge na pilau. Ni vizuri, lakini hiyo siyo historia inayokumbukwa mwezi huo. Carter G. Woodson, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, naye akachimba makaa ya mawe kabla ya kupata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912, alianzisha wiki ya historia hii mwaka 1926 kwa kuwa vitabu vya shule viliwaacha watu wake nje. Wiki hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mwezi.

Chagueni tukio moja, mlisimulie kwa kina. Mimi ningechagua mgomo wa abiria weusi waliosusia mabasi ya Montgomery, Alabama. Wengi wanamjua Rosa Parks, aliyekamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha abiria Mzungu. Wachache wanamjua Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekamatwa kwa jambo hilohilo miezi tisa kabla yake, au Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo aliyekesha akidurufu maelfu ya vipeperushi vya kuwaomba watu wasipande basi. Mgomo ulidumu siku 381, watu wakitembea kwa miguu au wakipakiana katika magari ya wenzao, na kesi iliyovunja ubaguzi wa rangi katika mabasi hayo ilifunguliwa na wanawake, Colvin akiwamo. Waulizeni watoto: kama kazi yako ni kufua nguo upande wa pili wa mji, utafikaje huko bila basi kwa zaidi ya mwaka mzima?

Waelezeni pia kwamba Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta migawo ya nafasi za wahamiaji iliyowapendelea watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi, ilipitishwa katika kipindi kilekile cha kudai haki za kiraia. Wengi wetu tumepita mlango huo. Ndiyo maana inaniuma ninapomsikia mzazi akimwambia mwanawe kuhusu Wamarekani Weusi, "Sisi si kama wale."

Kusema kwa ajili ya usawa kunahitaji swali mahususi. Hudhurieni kikao cha wazazi mkiwa zaidi ya mmoja, pamoja na wazazi Wamarekani Weusi, ambao wameifanya kazi hii kabla yetu na wanastahili kusikilizwa kwanza. Ulizeni kwa maandishi: ni wanafunzi wangapi weusi wamesimamishwa masomo mwaka huu, na ni wangapi wamo katika madarasa ya juu ya hisabati? Barua iwe na tarehe, na ombeni swali liingizwe katika kumbukumbu za kikao. Mzazi asiyemudu Kiingereza ana haki ya kuiomba shule mkalimani, na asitumiwe mtoto kutafsiri. Kama jibu halijaja Februari inapokwisha, rudini katika kikao cha Machi na nakala ya barua ileile.