Usianze na chupa ya vijidudu: namna ya kuufufua udongo uliochoshwa na dawa chini ya miembe

Nenda duka la vitambaa ukanunue nusu mita ya marekani, kile kitambaa cha pamba cheupe kisichotiwa rangi. Muuzaji akikutazama kwa huruma akidhani umefiwa, usimkatalie sana, maana kweli unakwenda kuzika. Kata vipande viwili vya ukubwa wa leso. Kimoja kizike chini ya mwembe unaopigwa dawa kila msimu, pale ncha za matawi zinapoishia, kina cha sentimita 10 hadi 15. Cha pili kizike kando ya uzio, penye kivuli na unyevu wa namna hiyo hiyo, mahali ambapo bomba la dawa halijawahi kufika. Chomeka kijiti cha alama. Fanya hivyo masika yakishakolea, kwenye Aprili, kisha vifukue baada ya wiki nane.

Pamba ni chakula cha bakteria na kuvu wa udongoni, kama yalivyo majani makavu. Kitambaa cha uzioni kikitoka matambara, na cha chini ya mwembe kikitoka kizima kiasi cha kufuliwa na kupigwa pasi, jibu unalo mkononi: udongo wa chini ya mwembe umepungukiwa na vijidudu. Angalizo kwetu sisi wa Pwani: mchwa nao hula pamba. Ukikuta kitambaa kimekatwakatwa na kugandwa na udongo wa mchwa, matokeo hayo yatupe, urudie.

Nimeanza na kitambaa kwa sababu siku hizi simu nyingi ninazopigiwa na wenye mashamba ya Chanika, Msongola, Kimbiji na Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, zina swali moja: "Bwana shamba, ile dawa ya vijidudu inapatikana wapi?" Inapatikana. Lakini masika iliyopita nilitembelea shamba ambalo mwenyewe, mtu wa kuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, alikuwa amenunua vijidudu vya hela nyingi. Alivimwaga Februari, saa saba mchana, kwenye mchanga mkavu unaounguza nyayo. Wiki iliyofuata kijana wa shamba akapiga dawa ya shaba kama kawaida yake. Mwenye shamba akaniambia bidhaa ile ni feki. Huenda ilikuwa nzima kabisa. Aliipeleka mahali pasipo chakula, pasipo maji, na penye sumu.

Sumu inafikaje chini

Wengi wetu tunadhani dawa inayopigwa juu hubaki juu. Tazama mwembe unavyopuliziwa: kijana hasimami mpaka majani yachuruzike. Kinachochuruzika kinaishia udongoni, na mvua ya kwanza inaosha sehemu kubwa ya kilichobaki.

Tupige hesabu ya shaba, dawa inayotumika sana dhidi ya chule, ugonjwa wa kuvu unaotia maembe madoa meusi. Nyingi zina shaba halisi nusu ya uzito wake, na kipimo ni kama gramu 3 kwa lita moja ya maji. Mwembe mkubwa ukipewa lita 10, umepokea gramu 30 za dawa, yaani gramu 15 za shaba. Ukiwa umepanda mita 10 kwa 10, ekari ina miembe 40, basi kila ukipiga unatumia gramu 600 za shaba. Piga mara nne tangu maua yachanue hadi tunda lifikie ukubwa wa yai, umefika kilo 2.4 kwa ekari. Sasa linganisha: tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, sawa na wastani wa kilo 1.6 kwa ekari kwa mwaka. Na shaba yako hujaitawanya ekari nzima. Umeirundika chini ya miti 40, palepale mizizi myembamba inapokula.

Dawa nyingi za wadudu, hata kali, hatimaye huvunjwavunjwa udongoni, na wanaozivunja ni vijidudu hao hao. Shaba ni madini, haiozi. Mwaka huu inajumlishwa na ya mwaka jana. Udongo wenye mboji nyingi huishika na kuipunguza makali, lakini kichanga chetu cha Dar es Salaam hakina mboji ya kutosha, kwa hiyo shaba inabaki huru kwenye maji ya udongo na kuwachoma vijidudu na mizizi. Tena imetengenezwa kuua kuvu, na haina macho ya kuchagua kati ya kuvu wa chule na kuvu mwema anayeishi mizizini akiuletea mwembe fosforasi.

Salfa, tunayoipiga dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa maua na majani, ina njia yake. Bakteria wa udongoni huigeuza taratibu kuwa asidi. Kwenye mfinyanzi mzito hutaona haraka. Kwenye kichanga uchachu unapanda, na kadiri uchachu unavyopanda ndivyo shaba iliyokwisha kulala inavyoamka. Shaba na salfa zote mbili huruhusiwa hata kwenye kilimo hai, kwa hiyo neno "asilia" lisikulaze usingizi.

Ila kinachonisumbua kuliko vyote ni dawa ya mchwa inayokorogwa kwenye ndoo na kumwagwa shinani. Hapo hakuna tena habari ya kuchuruzika. Umeuywesha udongo moja kwa moja. Wengi walikuwa wakitumia klopirifosi, ambayo Mei 2025 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Wengine wakahamia imidaklopridi, inayoweza kukaa udongoni miezi mingi. Mchwa wa miembe hufuata kuni kavu, visiki na matawi yaliyokufa. Ondoa hivyo, fukua kichuguu umtoe malkia, na weka matandazo umbali wa sentimita 30 kutoka shinani. Mti wenye maji ya kutosha mchwa hawausumbui sana.

Dawa ya magugu nayo huleta njaa. Vijidudu wengi huishi kwa utomvu unaotolewa na mizizi hai. Ukiunguza kila jani chini ya mwembe, umewafungia jiko. Fyeka, majani uyaache palepale.

Punguza kabla ya kuongeza

Pogoa mara tu baada ya kuvuna, Januari au Februari. Mwembe uliofunguka katikati unapitisha upepo, chule na ubwiri unga vinapungua, na lita 10 zinaweza kuwa 5. Mfundishe kijana wa bomba kuacha pale jani linapolowa kabla halijadondosha. Maji ya kuoshea bomba yasimwagwe shina lile lile kila siku. Nimeona miembe ya karibu na stoo inayodumaa, na mwenyewe anasema ni ya mbegu mbaya.

Kwa nzi wa matunda, kupiga shamba zima ni hasara juu ya hasara. Tumia mitego, weka chambo chenye sumu sehemu chache za mti, na kila siku okota matunda yaliyoanguka uyafungie kwenye mfuko mweusi juani, kwa sababu funza hutoka humo na kuingia ardhini kugeuka nzi. Wapo pia majimoto, wale sisimizi wekundu wa juu ya miti. Najua wanavyouma, na wavunaji watakulaumu, lakini wana faida kubwa kwenye miembe, mikorosho na minazi. Dawa ya wadudu unayoipiga ovyo inaanza kwa kuwaua wao.

Chakula kwanza

Mjini hapa tunalala njaa ya mboji juu ya chakula chake. Mbolea ya kuku ipo kila mtaa, makumbi ya nazi hutupwa, na soko la ndizi la Mabibo, lile watu wanaloliita Mahakama ya Ndizi, linazalisha mikungu na maganda kila siku. Changanya mbolea ya kuku na maranda yake, maganda ya ndizi, majani makavu, ulowanishe na ufunike. Mbolea mbichi ya kuku usiiweke moja kwa moja; ina chumvi na amonia, inaunguza. Geuza kila wiki. Rundo likiacha kuwa na joto na likaanza kunukia udongo wa msituni, baada ya miezi miwili mitatu hivi, limeiva. Kila mwembe mkubwa upate madebe mawili, ukianzia nusu ya upana wa kivuli kwenda nje, kisha juu yake makumbi au nyasi.

Ukifukua baada ya miezi na kukuta nyungunyungu, umefika pazuri kuliko chupa yoyote itakavyokufikisha.

Sasa chupa

Asiyeamini kwamba bakteria wanaweza kuuzwa dukani akumbuke kiwanda cha Kibaha kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Kwa mizizi ya matunda utakutana zaidi na Trichoderma, ambaye ni kuvu, na Bacillus, ambaye ni bakteria. Trichoderma hukua haraka, hushindana na kuvu waozeshao mizizi na hata kuwala. Bacillus hujifunga ndani ya mbegu ngumu hali ikiwa mbaya, ndiyo maana yeye huvumilia joto na shaba vizuri zaidi. Kama shamba lako limepigwa shaba miaka mingi, mimi ningeanza na Bacillus, nimlete Trichoderma msimu unaofuata. Kuvu wa mizizini, wale wa fosforasi, wawekee miche ikiwa bado kwenye viriba. Kuwafikisha kwenye mizizi ya mwembe wa miaka 20 ni kazi bure, na ukiwamwagia DAP nyingi, mbolea ya dukani yenye fosforasi, wanazembea.

Unaponunua, kumbuka unanunua kiumbe hai. Uliza tarehe ya kutengenezwa pamoja na ya kwisha, na uangalie imehifadhiwa wapi. Pakiti iliyokaa miezi chini ya bati, Januari hadi Machi, ni unga tu. Kiuatilifu cha kibaiolojia kiwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kikiuzwa kama mbolea hai, kiwe na usajili wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hizo, msalimie uende zako.

Njia ninayoipenda haihitaji bomba. Chukua kilo 1 ya unga wa Trichoderma, changanya na kilo 100 za mboji iliyoiva na kupoa. Ikipoa kweli, nasisitiza, maana rundo lenye moto litawapika. Lowanisha hadi ukikamata ngumi ishikane bila kudondosha maji. Funika kwa magunia kivulini siku 10 hadi 14, ukigeuza mara moja moja. Utaona utando mweupe unaoelekea kijani. Kilo 5 kwa kila mwembe zinatosha, chini ya matandazo.

Ukitaka kumwagilia, maji yana maneno. Maji ya bomba la nyumbani yana klorini iliyowekwa makusudi kuua vijidudu, hivyo yalaze kwenye ndoo wazi usiku kucha. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya baadhi ya visima vya Kigamboni, yaache. Kinga maji ya mvua uyatumie. Mwagilia jioni, udongo ukiwa umelowa, kwa ndoo ya kumwagilia isiyowahi kubeba dawa.

Kalenda ya Dar es Salaam inatusaidia bila sisi kuomba. Miembe yetu huchanua zaidi Juni hadi Agosti, na hapo ndipo dawa za ukungu zinapopigwa. Vijidudu wawekwe Aprili, wapate masika nzima ya kujijenga, kisha warudiwe vuli ikianza, dawa ya mwisho ikiwa imepita angalau wiki mbili. Usiwachanganye kamwe na shaba wala mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, kwenye tangi moja, hata fundi akikuambia inaokoa mafuta na muda.

Mwaka wa pili zika vitambaa tena palepale. Usitarajie viwili kufanana, tazama kama tofauti imepungua. Kitambaa cha chini ya mwembe kikiendelea kutoka kizima licha ya mboji, peleka udongo ukapimwe uchachu na shaba, chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Chokaa ya kilimo huwekwa kwa majibu ya kipimo hicho, si kwa kukisia.

Na kabla ya kuzika, chomoa uzi mmoja wa kitambaa uuwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Ikiyeyuka na kuganda kishanga cheusi, ni poliesta hiyo. Mzee mmoja wa Mvuti alinipigia akiwa amepaniki: vitambaa vyote viwili vimetoka vipya kabisa, hata cha uzioni. Alikuwa amekata shati lake la zamani la harusi.